Tairi na Rimu: Habari za Magurudumu ya Pikipiki za Zamani

Katika mazungumzo haya twataka kunena habari za kitu ambacho watu wengi hukiona kila siku wala hawakifikiri, nacho ni gurudumu la pikipiki.

Wako watu katika Uingereza, na katika nchi nyingine pia, wapendao mno pikipiki za zamani: zile zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya kwanza, au baina ya vita vile viwili, au katika miaka michache iliyofuata vita vya pili. Huzitafuta katika mabanda na maghala, huzifungua skrubu moja moja, huzisafisha, kisha huzirudisha barabarani. Kazi hiyo ina mengi ya kupendeza, walakini limo jambo moja ambalo mtu akilikosea aweza kupoteza uhai wake. Jambo hilo ni kuchagua rimu na tairi.

Mwenye kukosea rangi ya tangi, hasara yake ni kuchekwa na wenzake. Bali mwenye kukosea tairi, tairi lake laweza kuchomoka naye yu katika mwendo wa maili 40 kwa saa. Na kukosea ni rahisi, maana rimu na tairi za zamani hazikukaa na umbo moja. Zilibadilika pamoja mara kadhaa, na kila badiliko liliacha nyuma yake magurudumu yasiyokubali tairi la zama nyingine. Kwa hiyo mwenye kutaka kuchagua vema, kwanza hana budi kujua historia.

Na tuanze basi na mpira wenyewe. Utomvu wa mpira ulijulikana zamani, lakini wakati wa joto ulilainika na kunata, na wakati wa baridi ulikuwa mgumu kama ubao. Mwaka wa 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa kisha ukapashwa moto, huwa imara katika joto na katika baridi. Miaka 6 baadaye, mwaka wa 1845, Mskoti aitwaye Robert William Thomson alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa tairi lenye upepo. Alitengeneza mfuko wa mpira, akauvika ngozi, akaujaza upepo, akaufunga juu ya gurudumu la gari la farasi. Mwaka wa 1847 magurudumu yake yalijaribiwa katika bustani ya Regent's Park mjini London, na watu walistaajabu kuona jinsi gari lilivyokwenda kimya na kwa wepesi. Lakini wakati ule hapakuwa na baisikeli zenye mbio wala motokaa, na kazi ya Thomson ilisahauliwa kwa muda wa miaka 40.

Hata mwaka wa 1885, Wajerumani wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walipotengeneza chombo chao cha kwanza cha kupandwa kwa miguu miwili chenye injini ya petroli, kilikuwa cha mbao, na magurudumu yake yalikuwa ya mbao yaliyozungushiwa ukanda wa chuma. Mwenye kukipanda alitikiswa mifupa yote.

Ndipo alipotokea Bwana John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, nchi ya Ireland. Mwanawe alikuwa na baisikeli ya magurudumu matatu, yenye mpira mgumu usio na upepo, nayo ilimtikisa sana. Dunlop akatengeneza mpira mwembamba wa ndani, akauvika kitambaa, akaujaza upepo, akaufunga katika gurudumu. Mwaka wa 1888 alipata hati ya uvumbuzi wake. Mwaka uliofuata, mpanda baisikeli aitwaye William Hume alishindana mjini Belfast akitumia matairi hayo, akawashinda wenziwe, na tangu siku hiyo kila mshindani akayataka. Mwaka wa 1890 Dunlop aliambiwa kwamba hati yake haina nguvu, kwa sababu Thomson alikuwa amemtangulia. Hata hivyo, yeye ndiye aliyeufanya ulimwengu utumie matairi ya upepo.

Walakini tairi la Dunlop lilikuwa na kasoro kubwa. Lilibandikwa katika gurudumu kwa gundi na kwa vitambaa vilivyozungushwa. Lilipopata pancha, fundi alilazimika kubandua kila kitu, kuziba tundu, kisha kubandika tena na kungoja gundi ikauke. Basi swali likawa hili: tairi litashikwaje na gurudumu hata lisitoke katika mwendo, lakini litoke upesi mtu atakapo kuziba pancha? Swali hilo ndilo lililozaa rimu zote tutakazozinena.

Majibu mawili yalitolewa katika mwaka mmoja, yaani mwaka wa 1890. Jibu la kwanza ni la William Erskine Bartlett, Mmarekani aliyefanya kazi katika kiwanda cha mpira mjini Edinburgh. Yeye alitengeneza tairi lenye pindo nene la mpira katika kingo zake zote mbili, mfano wa pindo la nguo. Kingo za rimu zilikunjwa kuelekea ndani kama kulabu, na pindo la tairi likaingia chini ya kulabu hizo. Upepo ulipojazwa, ulilisukuma pindo likakazana katika kulabu. Tairi hili sisi tutaliita tairi la pindo.

Jibu la pili ni la Mwingereza aitwaye Charles Kingston Welch. Yeye alitia waya wa chuma ndani ya ukingo wa tairi. Waya huo haunyuki, na duara lake ni dogo kuliko ukingo wa nje wa rimu. Kwa hiyo tairi likishakaa mahali pake haliwezi kuruka nje. Mtu atauliza, ikiwa waya haunyuki, tairi litavishwaje? Hapo ndipo penye akili ya Welch. Katikati ya rimu alifanya mfereji. Upande mmoja wa tairi ukisukumwa uzame mfereji ule, upande wa pili hupata ulegevu, ukaweza kuvushwa juu ya ukingo kwa vyuma vya kubandulia. Hili tutaliita tairi la waya, na rimu yake rimu ya mfereji. Ufaransa nako, mwaka wa 1891, ndugu wawili wa jamaa ya Michelin walitengeneza tairi la baisikeli liwezalo kuvuliwa upesi, na mwaka ule ule Charles Terront alilitumia akashinda mashindano ya kutoka Paris mpaka Brest na kurudi.

Matairi yalipoenea hivi, mpira ulitakiwa kwa wingi usiopata kuonekana, nasi hatuwezi kupita bila ya kusema ulitoka wapi. Sehemu yake moja ilitoka katika misitu ya Kongo, nchi iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji tangu mwaka wa 1885 hata mwaka wa 1908. Wanakijiji walitozwa mpira kwa kipimo. Walioshindwa kuutimiza, wake zao walifungwa kuwa rehani, na wengine waliuawa au kukatwa mikono. Katika pwani yetu pia mpira wa mwituni ulipelekwa Kilwa na Lindi ukasafirishwa Ulaya, na Wadachi walipanda mashamba ya mpira katika nchi ya Tanga, mpaka bei ilipoanguka mwaka wa 1913 kwa sababu ya mashamba makubwa ya Malaya na Ceylon. Ni haki kukumbuka kwamba pikipiki za kwanza za Ulaya zilikwenda juu ya jasho na damu ya watu wa mbali.

Sasa na tuzirudie pikipiki zenyewe. Mwaka wa 1894, mjini Munich, Hildebrand na Wolfmüller walianza kuuza pikipiki ya kwanza iliyotengenezwa kwa wingi, nayo ilikuwa na matairi ya upepo. Tangu hapo, kwa muda wa miaka 30 na zaidi, lile tairi la pindo la Bartlett ndilo lililotawala pikipiki nyingi. Matairi ya mwanzo hayakuwa meusi, bali meupe au ya kijivu. Weusi ulitokana na masizi laini ambayo watengenezaji walianza kuyachanganya na mpira, na baada ya mwaka wa 1910 desturi hiyo ilienea, kwa maana mpira wenye masizi hudumu muda mrefu zaidi.

Tairi la pindo lilikuwa na hatari yake. Hakuna kinacholishika ila upepo. Upepo ndio kufuli yake. Upepo ukipungua, kufuli imefunguka. Tairi lisilojazwa vema huteleza katika rimu, huivuta valvu hata kuing'oa, na likipata pancha ghafula laweza kuchomoka lote na kuzingirwa katika gurudumu. Kwa sababu hiyo mafundi walitia bolti maalum zilizopita katika rimu ili kulibana pindo. Katika mashindano ya kwanza ya kisiwa cha Man, mwaka wa 1907, Rem Fowler aliyepanda pikipiki ya Norton alipasukiwa na tairi la mbele njiani, akasimama akalitengeneza mwenyewe, na bado akashinda daraja la pikipiki za silinda mbili. Katika Vita Kuu ya kwanza, matarishi wa jeshi walipanda pikipiki kama ile ya Triumph Model H, ambazo zaidi ya 30,000 zilipelekwa majeshini. Nazo pia zilikwenda kwa tairi la pindo, katika matope na mashimo ya Ufaransa.

Baada ya vita hivyo mambo yaligeuka. Watu walitaka matairi manene yenye upepo laini, ili wasitikiswe. Lakini tairi la pindo halikuweza kupunguziwa upepo, maana upepo ndio uliolishika. Hapo jibu la Welch, lililokuwa limekaa miaka mingi likitumika zaidi katika baisikeli, likaonekana kuwa ndilo jibu la haki. Motokaa zilitangulia, na katika miaka ya mwisho kabla ya 1930 watengenezaji wa pikipiki wa Uingereza waliacha tairi la pindo wakachukua tairi la waya na rimu ya mfereji. Pikipiki za Vita Kuu ya pili, kama BSA M20, ambazo zaidi ya 120,000 zilitengenezwa, zote zilikuwa za namna hii mpya. Tairi la kawaida la M20 lilikuwa 3.25-19, mbele na nyuma.

Basi sasa tunaweza kumshauri mtu aliyenunua pikipiki ya zamani. Swali lake la kwanza lisiwe, Nitanunua tairi gani? Liwe hili, Rimu yangu ni ya zama zipi? Rimu ndiyo iamuayo tairi. Aitazame kingo zake. Zikiwa zimekunjwa kuelekea ndani kama kulabu, wala hakuna mfereji mkubwa katikati, ni rimu ya tairi la pindo. Kingo zikiwa zimesimama wima na katikati pana mfereji, ni rimu ya tairi la waya. Tairi la pindo haliwezi kukaa salama katika rimu ya mfereji, wala tairi la waya katika rimu ya kulabu. Asiyasadiki maneno ya mwuzaji asemaye kwamba litaingia kwa nguvu.

Jambo la pili ni namba, nazo zimewapoteza wengi. Tairi la pindo huandikwa kwa kutanguliza urefu wa gurudumu zima kutoka chini hata juu, kisha unene wa tairi. Kwa mfano 26 x 3, yaani inchi 26 kwa inchi 3. Matairi ya waya ya mwanzo yalifuata desturi hiyo, yakaandikwa 26 x 3.25. Baadaye desturi iligeuka: unene ukatangulia, na namba ya pili ikawa kipenyo cha rimu. Kwa hiyo tairi lililoitwa 26 x 3.25 ndilo lile lile liitwalo 3.25-19, na lile la 27 x 4.00 ndilo 4.00-19. Mtu asiyejua akiona 26 x 3 na 26 x 3.25 atadhani ni ndugu, kumbe moja ni la kulabu na la pili ni la waya.

Jambo la tatu ni upana wa rimu. Rimu za Kiingereza za mfereji hutambulikana kwa herufi WM na tarakimu. WM1 ina upana wa inchi 1.60, WM2 inchi 1.85, na WM3 inchi 2.15. Kipimo hicho huchukuliwa ndani, baina ya kingo mbili, wala si nje. Tairi la 3.00 hukaa vema katika WM1, la 3.25 na la 3.50 katika WM2, na la 4.00 katika WM3. Wako wapendao tairi nene kwa sababu ya sura yake. Lakini tairi nene likibanwa na rimu nyembamba huvimba juu, huyumba katika kona, na pengine hugusa mnyororo au madigadi.

Jambo la nne ni hali ya rimu yenyewe. Kutu huanzia ndani, chini ya ule ukanda unaofunika vichwa vya spoki, mahali pasipoonekana. Fundi mwema huvua tairi, huondoa ukanda, hukwaruza kutu, na akiona chuma kimeliwa huitupa rimu bila ya huruma. Akinunua mpya, ahesabu matundu ya spoki, maana magurudumu mengine yana 36 na mengine 40. Na matundu hayo hutobolewa kwa mshazari unaoilekea habu fulani. Tangu mwaka wa 1874, James Starley wa Coventry alipovumbua gurudumu lenye spoki zinazopishana, spoki haziendi moja kwa moja katikati, bali huenda mshazari ili zistahimili nguvu ya kuzungusha na ya breki. Rimu iliyotobolewa kwa habu nyingine itazipinda spoki, nazo zitakatika moja baada ya moja. Wengine huchagua rimu za alumini, kama zile za Borrani wa Milan, kwa wepesi wake. Ni nzuri, lakini katika pikipiki iliyozaliwa na rimu za chuma zitabadilisha sura yake.

Jambo la tano ni tairi. Pikipiki hizi ziliundwa kwa tairi lenye tabaka za nyuzi zinazopishana, na haifai kuchanganya, mbele namna moja na nyuma nyingine. Desturi ya zamani ilikuwa kutia mbele tairi lenye mistari mirefu, lishike njia, na nyuma tairi lenye vipande vipande, lishike ardhi linaposukuma. Rimu za spoki zina matundu, hivyo sharti ziwe na mpira wa ndani, nao uwe mpya. Tena lazima atazame umri wa tairi. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka wa 2000 huwa na tarakimu nne za tarehe ubavuni: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Mathalan 2319 ni juma la 23 la mwaka wa 2019. Tairi laweza kuwa na meno yote, na huku mpira wake umekauka na kupasuka kwa uzee. Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi, na tairi kuukuu lililouzwa kwa bei ya chini ni mfano wake.

Limebaki swali moja linalowagawanya wapenzi wa pikipiki hizi. Mwenye pikipiki ya mwaka wa 1920, je, adumu na tairi la pindo kama ilivyozaliwa, au aigeuze iwe na rimu ya mfereji? Wengine husema kuigeuza ni kusema uongo juu ya historia, kwa maana pikipiki ni ushahidi wa zama zake. Wengine husema mtu hai ni bora kuliko ushahidi. Pande zote mbili zina haki, nasi twaona hivi: ikiwa pikipiki itakwenda taratibu siku chache kwa mwaka, na mwenyewe hupima upepo kila atokapo, na zile bolti za kubana pindo zimo, na adumu na tairi la pindo, yako bado matairi mapya ya namna hiyo, na hata meupe kwa pikipiki za kale zaidi. Lakini ikiwa ataka kwenda safari ndefu katika barabara zenye magari mengi, na abadili rimu, kisha zile za kwanza azipake mafuta na kuziweka ghalani pamoja na maandishi ya alichobadili. Hivyo hatapoteza ushahidi wala uhai.

Nanyi mlio vijijini msidhani kwamba habari hizi ni za watu wa mbali tu. Itazameni pikipiki ya abiria ipitayo njiani. Tairi lake laweza kuandikwa 3.00-17, nanyi sasa mwajua maana yake: unene wa inchi 3, rimu ya inchi 17. Tena fundi wenu akiziba pancha, mtazameni mikono. Kwanza huukanyaga upande mmoja wa tairi uzame katikati ya rimu, ndipo huuvusha upande wa pili juu ya ukingo. Ule ndio mfereji wa Welch wa mwaka wa 1890, nao ungali ukifanya kazi yake.